Mwongozo Kamili wa Kuchora Chati ya Serikali ya Galaksi katika Star Wars

Tangu nilipowaomba wasomaji wa Mtwara na Lindi wachore chati inayoonyesha jinsi serikali ya galaksi inavyobadilika katika filamu za Star Wars, nimepokea chati nyingi, na karibu zote zina kosa lile lile. Kuna mstari mmoja, juu yake visanduku vitatu vilivyoandikwa Jamhuri, Himaya na Jamhuri Mpya, na katikati mishale miwili. Chati ya namna hiyo inaonyesha kwamba majina yalibadilika, lakini haionyeshi nani alishika jeshi, nani alitunga sheria, wala ni lini hasa madaraka yaliiponyoka Seneti, yaani bunge la galaksi.

Nadhani chanzo cha kosa hilo ni namna tulivyozifahamu filamu hizi. Wengi wetu tuliziona kwenye mabanda ya video, huku sauti ya mtafsiri ikiwa juu ya sauti ya waigizaji, na mtafsiri anajua kwamba watazamaji wamelipa kiingilio ili waone mapanga ya mwanga na vyombo vikifukuzana angani. Kikao cha Seneti kinapofika, hukipita kwa sentensi moja kwamba viongozi wanajadiliana, kisha anarudi kwenye vita. Habari ya serikali imo katika vikao hivyo hivyo vinavyorukwa.

Mwongozo huu unakuongoza kuchora chati inayofuata madaraka badala ya majina. Ukiufuata kwa utulivu, utamaliza kwa wikiendi tatu.

## Vifaa vinavyohitajika

- Karatasi moja ya manila, ilazwe kwa upana.
- Rula ndefu, penseli na kifutio.
- Kalamu tatu za rangi: nyeusi, nyekundu na bluu.
- Daftari la kuandikia saa na dakika ya kila tukio.
- Filamu tisa za mfululizo mkuu, zenye sauti halisi na maandishi ya chini, pamoja na filamu ya 2016 inayotangulia ile ya 1977.
- Tamthilia za Andor na The Mandalorian, ikiwa unaweza kuzipata. Si za lazima, lakini zinajaza mapengo mawili makubwa.

Filamu tisa za mfululizo mkuu huchukua takriban saa 20 kwa jumla. Usitumie nakala iliyotafsiriwa kwa sauti, hata kama mtafsiri wake ni hodari kiasi gani, kwa kuwa hutaweza kutofautisha maneno yake na maneno ya mhusika.

## Hatua ya 1: Tenga vyanzo kama unavyotenga korosho

Mkulima yeyote wa Tandahimba au Newala anajua kwamba korosho za daraja la kwanza hazichanganywi gunia moja na za daraja la pili, kwa sababu gunia zima litahesabiwa kuwa la pili. Vyanzo vya chati hii navyo vitengwe hivyo hivyo.

Mwezi Aprili 2014, baada ya Lucasfilm kununuliwa na Disney mwaka 2012, kampuni hiyo ilitangaza kwamba riwaya na katuni nyingi zilizochapishwa kabla ya hapo hazitahesabiwa tena kuwa sehemu ya hadithi rasmi. Zikaitwa Legends. Filamu, pamoja na tamthilia ya vibonzo kuhusu vita vya kloni iliyoanza 2008, zikabaki rasmi.

Jambo hili si dogo kwa mchoraji wa chati. Katika riwaya za zamani, Jamhuri Mpya inaiteka sayari ya Coruscant na kuifanya makao makuu, ilhali katika hadithi rasmi ya sasa serikali hiyo inaanzia Chandrila na makao yake yanahamishwa kwa kura kutoka sayari moja hadi nyingine. Nimepokea chati zenye makao makuu yote mawili katika mwaka mmoja. Mchoraji hakudanganya, alichanganya magunia.

Andika juu ya manila, kwa penseli, orodha ya vyanzo utakavyovitumia. Kisichomo katika orodha hiyo kisiingie kwenye chati, hata kama unakipenda sana.

## Hatua ya 2: Chora mistari miwili ya wakati

Hadithi hii haikusimuliwa kuanzia mwanzo. Filamu ya kwanza kutolewa, mwaka 1977, inatuonyesha siku ambazo Seneti inavunjwa. Jinsi Seneti hiyo ilivyofanya kazi hatukuonyeshwa hadi 1999, miaka 22 baadaye. Kwa hiyo unahitaji mstari mmoja wa miaka ya kutolewa kwa filamu na mwingine wa miaka ya ndani ya hadithi.

Mwaka wa sifuri wa ndani ya hadithi ni ule wa Vita vya Yavin, ambapo waasi wanalipua kituo kikubwa cha silaha cha Himaya. Tutaandika KY kwa miaka ya kabla ya Yavin na BY kwa miaka ya baada yake. Weka alama hizi:

- Filamu ya 1999: mwaka 32 KY
- Filamu ya 2002: mwaka 22 KY
- Filamu ya 2005: mwaka 19 KY
- Filamu za 2016 na 1977: mwaka 0, ya 2016 ikitangulia kwa siku chache
- Filamu ya 1980: mwaka 3 BY
- Filamu ya 1983: mwaka 4 BY
- Filamu ya 2015: mwaka 34 BY, nazo za 2017 na 2019 zikifuatia hapo hapo

Tahadhari: usidhani kwamba kila kitu kilikwisha kupangwa mwaka 1977. Maneno machache yaliyosemwa katika filamu hiyo yalipewa maana kamili na filamu zilizokuja baadaye. Ndiyo maana ninasisitiza mstari wa miaka ya kutolewa ubaki kwenye karatasi, usifutwe baada ya kazi.

## Hatua ya 3: Gawanya karatasi kwa safu nne

Chini ya mistari ya wakati, chora safu nne ndefu kutoka kushoto hadi kulia, na uzipe majina haya: Kiti, Sheria, Jeshi na Majimbo. Kiti ni nani anayeongoza na alikipataje cheo. Sheria ni nani anayeamua. Jeshi ni nani anayeliamuru. Majimbo ni nani anayetawala sayari moja moja.

Hapo awali nilikuwa nikipendekeza safu ya tano, ya kodi. Nimeiacha, kwa sababu baada ya filamu ya 1999 mfululizo mkuu hausemi mengi kuhusu kodi, na safu tupu humchanganya msomaji. Mambo ya kodi yaandike pembeni.

Rangi zina maana moja tu kila moja. Nyeusi ni madaraka yaliyo mikononi mwa wawakilishi au kiongozi waliyemchagua. Nyekundu ni madaraka ya mtu mmoja. Bluu ni chombo ambacho bado kipo, kina jengo na viti, lakini hakiamui tena. Rangi ya bluu ndiyo itakayokupa kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyokosekana katika chati nilizoletewa.

Majina ya serikali hayaandikwi bado. Mzee wa Nachingwea aliyekuwa mtu mzima kabla ya 1971, mwaka ambao Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mkoa wa Mtwara, amekwisha kuwa mkazi wa mikoa miwili bila kuhama nyumba yake. Ukimuuliza maisha yake yalibadilika lini, hatakutajia tarehe ya jina la mkoa. Majina ya serikali katika chati hii yataandikwa mwisho, kwa penseli.

## Hatua ya 4: Jaza mwaka 32 KY kwa subira

Filamu ya 1999 ililaumiwa na wengi kwa kuwa na vikao vingi. Kwa kazi yetu hakuna filamu yenye thamani kuliko hiyo, nami ningekushauri uitazame mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Mgogoro unaanza kwa kodi ya njia za biashara. Shirikisho la Biashara, ambalo ni kampuni yenye kiti ndani ya Seneti na vilevile majeshi yake ya maroboti, linaizingira sayari ya Naboo ili kupinga kodi hiyo. Andika jambo hili pembeni kwa herufi kubwa: mfanyabiashara ana kiti bungeni na ana jeshi, ilhali serikali yenyewe haina jeshi la kudumu. Kansela Mkuu Valorum, kiongozi wa Jamhuri, hana cha kutuma ila wapatanishi wawili wa Jedi, yaani wapiganaji walinda amani.

Kisha nenda kwenye kikao cha Seneti. Malkia Amidala wa Naboo, ambaye ni malkia wa kuchaguliwa na si wa kurithi, anaomba msaada. Mjumbe wa Shirikisho anapinga, anataka kwanza iundwe tume ikahakikishe kama madai ni ya kweli. Watendaji wanamnong'oneza Valorum, naye anakubali. Kwa ushauri wa seneta wake Palpatine, malkia anatoa hoja ya kura ya kutokuwa na imani na Kansela. Baadaye Palpatine mwenyewe anachaguliwa kukalia kiti hicho.

Simamisha filamu hapo. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Hoja imetolewa na mwenye haki ya kuitoa, kura imepigwa, mshindi ameapishwa. Kwa hiyo Kiti na Sheria vinapakwa nyeusi, safu ya Majimbo nayo ni nyeusi, na safu ya Jeshi inaachwa wazi kabisa. Wengi hushawishika kupaka nyekundu mapema kwa kuwa wanajua Palpatine atakuja kuwa nani, yaani Kaisari. Usifanye hivyo. Chati inaonyesha madaraka, na siku hiyo alikuwa na madaraka yale yale aliyokuwa nayo Valorum, si zaidi.

Utajua umefaulu ikiwa, ukiitazama sehemu hii ya karatasi, unaona pengo jeupe katika safu ya Jeshi na unajiuliza nani atalijaza.

## Hatua ya 5: Mwaka 22 KY, mahali ambapo chati nyingi huharibika

Miaka kumi imepita. Mifumo mingi ya sayari inataka kujitenga chini ya kiongozi aitwaye Count Dooku, na Seneti inajadili muswada wa kuunda jeshi. Amidala, sasa akiwa seneta, anasafiri hadi makao makuu ili aupinge, na anaponea chupuchupu jaribio la kumuua. Anapelekwa mafichoni, na kiti chake kinabaki kwa Jar Jar Binks, mjumbe mwenzake wa Naboo.

Fuatilia mpangilio wa matukio kwa makini, ukiandika saa na dakika katika daftari. Jedi anagundua kwamba jeshi la kloni, yaani askari walionakiliwa kutoka kwa mtu mmoja, limekuwa likitengenezwa kwa siri katika sayari ya Kamino kwa takriban miaka kumi. Vikosi 200,000 viko tayari na milioni moja zaidi viko njiani. Kwa maneno mengine, jeshi lilikuwepo kabla ya sheria ya kuliunda.

Ndipo watu wa Kansela wanapoeleza kwamba muswada hautapita kwa wakati, na kwamba njia pekee ni Seneti kumpa Kansela mamlaka ya dharura. Anahitajika seneta mwenye ujasiri wa kutoa hoja. Jar Jar anaitoa. Seneti inashangilia. Palpatine anapokea kwa masikitiko, anaahidi kuyarudisha mamlaka hayo hatari itakapokwisha, na kitendo chake cha kwanza ni kuunda jeshi.

Paka sasa. Jeshi linatoka weupe na kwenda moja kwa moja kwenye nyekundu. Halikuwahi kuwa jeusi hata siku moja. Sheria inageuka bluu. Kiti kibaki cheusi, lakini kwa mstari wa nukta, kwa kuwa katika filamu ya 2005 tunaambiwa kwamba Kansela amekaa madarakani kupita muhula wake na kwamba Seneti yenyewe ndiyo iliyomtaka abaki.

Tahadhari kubwa: wasomaji kadhaa waliniandikia kwamba Jamhuri iliangushwa na ujinga wa Jar Jar. Naelewa hasira hiyo, lakini inaficha jambo. Hoja ya mtu mmoja haiwi mamlaka ya dharura bila ukumbi mzima kuikubali, na tatizo alilolitatua, yaani serikali isiyo na jeshi mbele ya wanaojitenga wenye jeshi, lilikuwa la kweli. Ukiandika jina lake peke yake katika kisanduku hicho, chati yako itakuwa imewasamehe maseneta wote waliopiga makofi.

## Hatua ya 6: Mwaka 19 KY, siku ya jina

Katika filamu ya 2005 Palpatine anasimama mbele ya Seneti, anawatuhumu Jedi kwa njama ya kumpindua, na anatangaza kwamba Jamhuri itapangwa upya kuwa Himaya ya kwanza ya galaksi, kwa ajili ya usalama. Maseneta wanashangilia, na Amidala anatambua kwa huzuni kwamba uhuru unakufa katikati ya vigelegele.

Tukio hili linavutia kiasi kwamba mchoraji hutaka kulitia mstari mnene kutoka juu hadi chini ya karatasi. Jizuie. Tazama safu moja moja na uulize nini kimebadilika siku hiyo. Jeshi lilikuwa jekundu tangu miaka mitatu iliyopita. Sheria ilikuwa bluu, na imebaki bluu, kwa sababu Seneti haikuvunjwa. Kiti ndicho kilichogeuka, kutoka nukta nyeusi hadi nyekundu kamili: Kansela amekuwa Kaisari na hatachaguliwa tena. Majimbo yanaanza kuwa bluu, kwa maana sayari kama Alderaan bado zina watawala na maseneta wao, lakini juu yao kuna mkono wa Himaya.

Safu moja imekamilika kubadilika, moja imeanza, mbili hazikuguswa. Ukiona hivyo kwenye karatasi yako, umefika kiini cha kazi nzima.

## Hatua ya 7: Gawa Himaya vipande viwili

Kosa la kudumu ni kuichora Himaya kama kisanduku kimoja. Kwa miaka 19 ilikuwa na Seneti, kisha haikuwa nayo.

Ushahidi uko mwanzoni kabisa mwa filamu ya 1977. Binti mfalme Leia anapokamatwa, anajitetea kwamba yeye ni mjumbe wa Seneti ya Himaya aliye katika safari ya kidiplomasia, na ofisa mmoja anahofia kwamba kumshikilia kutawapa waasi huruma ndani ya Seneti. Hofu hiyo isingekuwepo kama chombo hicho kingekuwa kimekufa. Muda mfupi baadaye Tarkin, gavana wa Himaya, anawaletea makamanda habari kwamba Kaisari ameivunja moja kwa moja.

Jenerali mmoja anauliza swali ambalo ningependa kila msomaji aliandike katika daftari: bila watendaji wa serikali, Kaisari atayashikaje majimbo? Tarkin anajibu kwamba magavana wa mikoa sasa watatawala maeneo yao moja kwa moja, na kwamba hofu ya kituo kipya cha silaha itazifanya sayari zitii. Haukupita muda, Alderaan inateketezwa. Paka Sheria na Majimbo nyekundu kuanzia hapo. Sasa safu zote nne ni nyekundu, kwa mara ya kwanza, miaka 22 baada ya hoja ya mamlaka ya dharura.

Aliye na Andor, iliyotolewa 2022 na 2025, atapata humo picha nzuri ya jinsi rangi ya bluu inavyoonekana: seneta Mon Mothma akihutubia ukumbi wa Seneti wenye viti vitupu, vifungo vikirefushwa kwa amri baada ya wizi mmoja wa mishahara, na hatimaye seneta huyo akilaani mauaji ya sayari ya Ghorman na kulazimika kukimbia siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 8: Muungano wa waasi uwe kwa penseli

Muungano si serikali, na haupaswi kupewa rangi. Filamu ya 2016 inaonyesha baraza lake pale Yavin likibishana kama lipigane au litawanyike, likashindwa kuafikiana, kisha baadhi ya wapiganaji wakaondoka bila idhini na kundi la meli likawafuata. Uchore kwa penseli chini ya safu ya Jeshi, kati ya miaka ya mwisho ya KY na mwaka 4 BY.

## Hatua ya 9: Jamhuri Mpya, kwa kifupi

Hapa filamu hazitusaidii sana. Ile ya 2015 inaonyesha makao makuu ya wakati huo, Hosnian Prime, yakiteketezwa pamoja na Seneti na meli za kivita, kabla mtazamaji hajafahamishwa vizuri serikali hiyo ilikuwa ya namna gani. Nasikitika kwamba haikupewa hata kikao kimoja cha maana.

Yanayojulikana yanatosha kujaza safu. Mon Mothma anakuwa Kansela wa kwanza, na Jamhuri Mpya inapunguza sehemu kubwa ya jeshi lake kwa makusudi ili asitokee mtu wa kulitumia kama Palpatine alivyolitumia. Safu zote ni nyeusi, lakini Jeshi chora kwa mstari mwembamba. Lilinganishe pengo la mwaka 32 KY na wembamba huu: ni udhaifu ule ule, safari hii umechaguliwa kwa hiari.

Kundi la Leia linalopigana na First Order, yaani mabaki ya Himaya yaliyojipanga upya, si jeshi la Jamhuri Mpya. Nalo liwe kwa penseli.

## Hatua ya 10: Andika majina, kisha ujaribu chati

Sasa ndipo unapoandika juu kabisa, kwa penseli, majina ya Jamhuri, Himaya na Jamhuri Mpya. Yafunike kwa ukanda wa karatasi. Mpe chati mtu ambaye hajaziona filamu hizi, mweleze maana ya rangi tatu tu, kisha umwombe aweke kidole mahali ambapo wawakilishi walipoteza serikali yao.

Akiweka kidole mwaka 22 KY, pale nyekundu inapoanza katika safu ya Jeshi na bluu katika Sheria, chati yako imekamilika na unaweza kuipitishia wino. Akiweka mwaka 19 KY, basi bila kujua ulitia mstari mnene siku ya jina. Ufute, na urudie Hatua ya 6. Akiweka mwaka 0, rangi ya bluu haionekani vizuri, uikoleze. Akizungusha kidole kati ya 22 na 19 huku akikuuliza mbona walipiga makofi, mkalishe, mwashie filamu ya 1999.